Noble Johnson: Aliigiza kila taifa, akanyimwa kuwa yeye

Mwaka 1932, ndani ya studio za RKO huko Hollywood, kulikuwa na msitu mmoja wa bandia na filamu mbili za kuupigia picha. Miti minene, mizizi inayoning'inia, ukungu wa kupulizwa na gogo kubwa lililolazwa juu ya korongo, vyote kazi ya mafundi. Msitu wa namna hiyo hula fedha nyingi, na Merian Cooper na Ernest Schoedsack, waliokuwa wakizisimamia filamu zote mbili, wakaona heri utumike mara mbili. Ya kwanza ni The Most Dangerous Game, kisa cha bwana mkubwa anayewinda binadamu kisiwani kwake. Ya pili ni King Kong.

Wapo waigizaji waliomo katika zote mbili, na watatu niwataje. Fay Wray yumo na nywele zake nyeusi katika ile ya kwanza, na katika King Kong akavalishwa wigi la rangi ya dhahabu. Robert Armstrong aliacha kuwa mlevi akawa mtengeneza filamu mwenye makeke. Wa tatu ni Noble Johnson, na yeye alibadilishwa taifa. Kwa mwindaji wa watu yeye ni Ivan, Mkosaki wa Urusi, mtumishi bubu mwenye ndevu nzito na ngozi iliyopakwa ikawa ya Kizungu. Katika King Kong ni chifu wa Kisiwa cha Fuvu, manyoya kichwani na rangi usoni, anayeamuru ngoma zinyamaze. Mtazamaji asiyeambiwa hawezi kudhani kwamba huyu na yule ni mtu mmoja.

Mtu mwenyewe alikuwa Mmarekani mweusi wa miaka 51, mzaliwa wa Missouri, mtoto wa mfunza farasi. Wakati huo alikuwa na karibu miaka 20 mbele ya kamera, na ndani ya miaka hiyo alikuwa ameshafanya jambo ambalo wengi wanaoijua sura yake hawalijui: alikuwa rais wa kampuni ya filamu ya watu weusi, katika siku ambazo Hollywood ilikuwa haijawaza kumpa mtu mweusi nafasi ya mtu mzima mwenye akili timamu. Habari ya Noble Johnson ndiyo hiyo. Waliomwajiri walimpa kila kabila la dunia aliigize, na kabila moja tu wakalifungia kabatini, nalo ni lake.

Alizaliwa mwezi Aprili 1881 katika mji wa Marshall, Missouri, na akakulia Colorado Springs, chini ya milima ya Rocky. Baba yake, Perry Johnson, alikuwa fundi wa farasi wa mashindano. Noble aliacha shule akiwa kijana mdogo akamfuata baba yake katika viwanja vya mbio, na baadaye akazunguka magharibi ya Marekani akifanya kazi iliyopatikana: kuchunga ng'ombe, kupika, kuchimba madini, kufunza farasi. Alikuwa mrefu kupita futi sita, mwenye kifua kipana, na mwenye mkono wa kumtuliza farasi aliyecharuka. Hakuna chuo cha uigizaji kilichompa chochote kati ya hivyo.

Katika mji uleule wa Colorado Springs alikua na rafiki Mzungu, mtoto wa wazazi viziwi, aliyeizoea tangu utotoni kazi ya kusema kwa mikono na uso. Rafiki huyo ni Lon Chaney, ambaye baadaye dunia nzima ilimjua kama mtu wa nyuso elfu moja, nyota wa The Hunchback of Notre Dame na The Phantom of the Opera. Vijana wawili wa mji mmoja wakaja kuishi kwa kazi moja, kubadili sura. Chaney alikuwa akiingia studio na sanduku lake la vipodozi, na jina lake likaandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina la filamu. Johnson alifanya mageuzi yasiyopungua hayo, na mara nyingi jina lake halikuandikwa kabisa. Chaney alipofariki mwaka 1930 Hollywood ilimlilia. Rafiki yake alikuwa kazini, akipakwa rangi kwa ajili ya nafasi nyingine ya dakika chache.

Aliingia kwenye filamu kwa mlango wa farasi. Mwaka 1914 kikosi cha kampuni ya Lubin, ya Philadelphia, kilikuwa Colorado kikipiga picha za magharibi. Mwigizaji mmoja aliumia, ikatakiwa haraka mtu anayeweza kukaa juu ya farasi bila kutikisika, na mtu wa hapo akawa Noble Johnson. Wakampa nafasi ya mwenyeji wa asili wa Amerika, wale tuliozoea kuwaita Wahindi Wekundu. Tangu siku ya kwanza, basi, aliajiriwa kuwa mtu wa kabila jingine.

Ili kuelewa jinsi hilo lilivyowezekana kwa miaka 35, inafaa tujue mkanda wa picha wa siku zile ulivyoona. Mkanda huo haukuona rangi kama jicho la mtu. Haukuitambua nyekundu, kwa hiyo midomo myekundu ilitoka myeusi kwenye skrini, na mashavu yenye damu yalitoka na madoa. Buluu nayo ilipauka, hata macho ya buluu ya Mzungu yakatoka meupe kama ya samaki aliyechemshwa. Kwa sababu hiyo kila mwigizaji, awe nani, alipakwa rangi kabla ya kusimama mbele ya kamera. Weupe na weusi wa filamu ulitoka kwenye kopo la vipodozi. Johnson alikuwa na ngozi ya maji ya kunde, na pua na macho yasiyomfunga upande mmoja. Poda ikiongezwa ni Mrusi, ikipunguzwa ni Mwarabu, ikiwekwa ya kahawia ni Mhindi wa Bombay. Waongozaji waligundua hazina, wakaitumia.

Twende kwanza alikokwenda mwenyewe. Mwaka 1915 ilitoka The Birth of a Nation ya D. W. Griffith, filamu ya karibu saa tatu iliyowafanya Ku Klux Klan, kundi la Wazungu lililowatisha na kuwaua watu weusi, kuwa mashujaa, na kumfanya mtu mweusi, akiigizwa na Wazungu waliojipaka masizi, kuwa mnyama wa kuwindwa. NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, kiliandamana, kikaandika, kikaenda mahakamani. Filamu ikaendelea kujaza kumbi. Mwaka huohuo Klan ikafufuliwa huko Georgia. Kwa mtu mweusi wa Marekani aliyekuwa akifanya kazi ndani ya tasnia hiyohiyo, akiziona kamera kila siku na akijua zinavyofanya kazi, swali halikuwa kama picha zina nguvu. Swali lilikuwa nani amezishika.

Mwaka 1916 Johnson na wenzake wakaanzisha Lincoln Motion Picture Company mjini Los Angeles. Yeye alikuwa rais. Mwigizaji Clarence Brooks akawa katibu, na mfamasia James T. Smith akaleta fedha na uzoefu wa biashara. Nyuma ya kamera alisimama Harry Gant, Mzungu pekee wa shirika hilo, mpiga picha waliyefahamiana katika kazi za studio ya Universal. Na kule Omaha, Nebraska, ndugu yake Noble, George Perry Johnson, karani wa posta, akashika usambazaji. Huyu George tutarudi kwake, kwa sababu bila yeye tungekuwa hatuna cha kuandika.

Filamu yao ya kwanza iliitwa The Realization of a Negro's Ambition. Noble aliigiza James Burton, kijana mhitimu wa uhandisi kutoka Tuskegee, chuo cha Booker T. Washington. Burton anaaga shamba la baba yake na mchumba wake, anakwenda California kutafuta kazi kwenye visima vya mafuta. Huko anatazamwa ngozi, anaambiwa hakuna nafasi. Akiwa njiani anamwokoa msichana ambaye farasi wa gari lake wametimka, naye ni binti wa mwenye kampuni hiyo. Anapewa kazi, anagundua mafuta, na kwa jicho la mtaalamu anakumbuka kwamba ardhi ya shamba la baba yake inafanana na ile iliyotoa mafuta. Anarudi nyumbani, anachimba, anatajirika, anamwoa mchumba aliyemsubiri.

Kwa masikio ya leo kisa hiki ni cha kawaida mno, na hapo ndipo uzito wake ulipo. Mwaka 1916 mtu mweusi kwenye skrini ya Marekani alikuwa mwizi wa kuku, mpumbavu wa kuchekesha au mtumishi anayetetemeka mbele ya mizimu. Kumwonyesha akiwa na shahada, akisoma ramani ya miamba, akiwa na baba anayemwonea fahari na msichana anayempenda kwa heshima, lilikuwa jambo ambalo wazazi walitaka watoto wao walione. Nani alikuwa steringi? Mtu mweusi. Na steringi huyo alimaliza picha akiwa hai, tajiri na mwenye mke.

Ya pili, The Trooper of Troop K ya mwaka 1917, ilikwenda mbali zaidi. Tarehe 21 Juni 1916 askari weusi wa Kikosi cha 10 cha wapanda farasi walipambana na jeshi la Mexico katika kijiji cha Carrizal, na wengi walianguka pamoja na kapteni wao, Charles Boyd. Habari ilikuwa bado ya moto kwenye magazeti. Lincoln wakaigeuza filamu kabla mwaka haujatimia. Noble akawa Joe, kijana mvivu asiye na mbele wala nyuma anayeingia jeshini na kurudi mtu, baada ya kumbeba kapteni wake aliyejeruhiwa kutoka uwanja wa vita. Baadhi ya waliojaza uwanja huo wa vita wa bandia walikuwa wanaume waliowahi kuvaa sare ya vikosi hivyo. Hawakuhitaji kufundishwa namna ya kushika bunduki wala kuketi juu ya tandiko.

Sasa tumtazame George, maana kutengeneza filamu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuifikisha kwa watu, na kumbi zilizowakubali watazamaji weusi zilikuwa chache na zimetawanyika kutoka Chicago hadi New Orleans. Studio kubwa zilikuwa na ofisi za usambazaji katika kila mji. George alikuwa na meza nyumbani na kazi ya posta iliyomlazimu kusubiri zamu iishe. Akatumia alichokuwa nacho: barua, na magazeti ya watu weusi. Chicago alimpata Tony Langston, mhariri wa michezo ya jukwaani wa Chicago Defender, awe wakala wake. New York akampata Romeo Daugherty wa Amsterdam News. Wanahabari hawa waliandika juu ya filamu, wakazisaidia kupata kumbi, na wakasimamia mapato. Kopi zilikuwa chache, kwa hiyo mkanda uleule ulisafiri kwa treni kutoka mji hadi mji, ukirudi umekwaruzika zaidi kila safari. Fedha iliyopatikana ilirudi polepole, na ilipochelewa, pengo lilizibwa na mshahara wa Noble kutoka Universal.

Hapo ndipo mtego ulipokuwa. Mchana Noble Johnson alikuwa mwajiriwa wa Universal, akicheza kama adui au mpanda farasi katika filamu za mfululizo kama The Red Ace na The Bull's Eye, zile za kuachwa kila wiki shujaa ananing'inia kwenye mwamba. Kwa Lincoln hakuchukua mshahara mkubwa. Alichukua uongozi na nafasi ya kwanza. Watazamaji weusi wakampenda. Wenye kumbi wa mitaa ya watu weusi wakaanza kubandika bango lake. Na waliokuwa wakionyesha picha za Universal mtaa huohuo wakaona viti vyao vikibaki vitupu usiku ambao jirani ana Noble Johnson wa Lincoln. Wakalalamika. Universal wakamwita mtu wao wakampa sharti: aachane na kampuni yake, au aachane na wao.

Mwaka 1918 alijiuzulu urais wa Lincoln.

Ni rahisi leo, zaidi ya miaka 100 baadaye, kumwita msaliti. Sikubaliani. Mshahara wa Universal ndio uliokuwa ukiilisha Lincoln. Kubaki Lincoln bila Universal kulikuwa kukauka mto na kisima kwa pamoja, na kuondoka Lincoln kulikuwa kuikata kampuni uso wake. Hakukuwa na njia ya tatu, na waliomwekea sharti walilijua hilo. Studio yenye maelfu ya watazamaji Wazungu iliogopa tiketi za vitongoji vya weusi kiasi cha kumnyang'anya mtu mmoja jina lake. Lawama nazipeleka huko.

Lincoln haikufa siku hiyo. Clarence Brooks alichukua nafasi ya kwanza mbele ya kamera. Mwaka huohuo wa 1918 ukaja ugonjwa wa mafua uliofunga kumbi nchi nzima. Mwaka huo pia George aliandikiana barua na mkulima mmoja wa zamani wa South Dakota aliyeandika riwaya, Oscar Micheaux, akitaka kununua haki ya kuifanya The Homesteader kuwa filamu. Micheaux alikubali kwa sharti kwamba aje mwenyewe Los Angeles kusimamia kazi. Lincoln wakaona hana uzoefu, mazungumzo yakavunjika, na Micheaux akatengeneza filamu yake peke yake, ikatoka mwaka 1919. Alikwenda kutengeneza nyingine zaidi ya 40 na kuwa mwongozaji mweusi mashuhuri kuliko wote wa enzi hiyo. Lincoln walitoa filamu yao ya mwisho, By Right of Birth, mwaka 1921, kisha wakafunga.

Noble Johnson akabaki na nyuso. Mwaka 1921 alikuwa mmoja wa wapanda farasi wanne wa kiama katika The Four Horsemen of the Apocalypse, filamu iliyomtoa Rudolph Valentino. Mwaka 1922 akawa Ijumaa, rafiki wa Robinson Crusoe, katika filamu ya mfululizo ya Universal. Mwaka 1923 Cecil B. DeMille alimtumia katika The Ten Commandments. Mwaka 1924 Buster Keaton alimfanya chifu wa wala watu katika The Navigator, na mwaka huohuo Douglas Fairbanks akamfanya mwana wa mfalme wa India katika The Thief of Bagdad.

Filamu hiyo ya Bagdad nawaomba wasomaji wanaopenda Alfu Lela Ulela waitafute. Wachumba watatu wanagombea binti wa khalifa, na kila mmoja anatumwa kutafuta tunu ya ajabu. Mwana wa mfalme wa Wamongolia ameigizwa na Mjapani, Sojin Kamiyama. Mwana wa mfalme wa Uajemi, mnene na mwenye masharubu, ameigizwa na mwanamke wa Kifaransa, Mathilde Comont. Na Mhindi, kilemba cha vito na uso wa mtu asiyewahi kukataliwa kitu, ni mtoto wa mfunza farasi wa Colorado Springs. Namtazama anavyoingia: hana haraka, kidevu kiko juu, macho yanapita juu ya vichwa vya watu. Hana sauti, filamu ni bubu, na bado unajua huyu mtu amezoea kusujudiwa. Huo ni uigizaji, na hakuna aliyemwandikia sifa.

Orodha inaendelea hadi inachosha. Uncle Tom katika Topsy and Eva mwaka 1927. Queequeg, mrusha chusa wa visiwa vya Pasifiki, pamoja na John Barrymore katika Moby Dick ya mwaka 1930. Mnubi katika The Mummy ya mwaka 1932, mtumishi anayetekwa akili na Boris Karloff. Katika Murders in the Rue Morgue, ya mwaka huohuo, aliigiza Janos, mtumishi wa Bela Lugosi. Orodha ya waigizaji inamtaja mhusika huyo kuwa ni Mweusi, na uso uliopo kwenye skrini umepakwa ukawa mweupe. Wachina, Waarabu, Wamalay, Wahindi Wekundu wa mpakani, maharamia, zimwi katika The Ghost Breakers ya Bob Hope mwaka 1940. Filamu zaidi ya 100.

Sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920 waigizaji wengi wa filamu bubu walipotea. Johnson alibaki, ila kwa namna inayouma: mara nyingi nafasi zake zilibaki bubu, au zikapewa lugha ya kubuni. Chifu wa King Kong hazungumzi neno moja ambalo mtazamaji yeyote anaweza kulielewa. Kisiwa chake kimewekwa katika Bahari ya Hindi, mbali magharibi ya Sumatra, yaani katika bahari yetu sisi wa pwani, na watu wake ni Wamarekani weusi wa Los Angeles waliovalishwa mawigi na mifupa.

Na bado, tazama anachofanya na nafasi hiyo. Ngoma zinapigwa, msichana amepambwa maua kwa ajili ya kutolewa kafara, na Wazungu wamejificha wakichungulia na kamera yao. Chifu anawaona. Anainua mkono, kila kitu kinasimama. Halafu anawaendea, na mtunzi wa muziki Max Steiner amefunga kila noti kwenye kila hatua ya miguu yake, hata unahisi bendi nzima inaogopa kumtangulia. Wanafunzi wa muziki wa filamu hufundishwa hatua hizo hadi leo. Wengi wanamsifu Steiner, na ni haki yake. Lakini noti zilifuata miguu, na mtu aliyeamua miguu iende kwa kasi gani alikuwa Noble Johnson. Anafika, anamwona Fay Wray na nywele zake za dhahabu, anatoa wanawake sita wa kwake wabadilishwe na huyo mmoja. Ni maandishi ya matusi, kwa wanawake na kwa watu weusi pia. Yeye anayasema kwa uzito wa kiongozi wa nchi anayefanya mapatano, na ndiye mtu mwenye heshima kuliko wote katika tukio hilo.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa kwenye biashara hii. Mwaka 1928 yule Lon Chaney aliigiza katika West of Zanzibar, filamu yenye jina la kisiwa chetu iliyopigwa California, na bara lililojaa uchawi na mateso ambalo halipo kwenye ramani yoyote. Kisha studio ya MGM ilituma kikosi cha W. S. Van Dyke kuja Afrika Mashariki na Kongo mwaka 1929 kupiga Trader Horn, iliyotoka mwaka 1931. Mutia Omoolu, mtu wa huku kwetu, alipewa nafasi kubwa ya mbeba bunduki, akasafirishwa hadi Hollywood kumalizia picha. Mwafrika halisi alipopatikana, alipewa nafasi ileile ambayo Noble Johnson alipewa kwa miaka mingi: mtumishi mwaminifu, mwenye mwili wa kupendeza na maneno machache. Nyumba ilikuwa moja, na mlango wa nyuma ulikuwa uleule.

Johnson hakuacha kazi hadi uzee. Mwaka 1949 John Ford alimwita Monument Valley awe Red Shirt, kiongozi wa Wahindi Wekundu katika She Wore a Yellow Ribbon. Ilikuwa filamu ya rangi, na Johnson, aliyekuwa akikaribia miaka 70, bado alikuwa juu ya farasi, mgongo umenyooka, mbele ya John Wayne. Mwaka 1950 akafanya filamu ya mwisho na Roy Rogers, akastaafu. Alifariki Januari 1978 huko Yucaipa, California, akiwa na miaka 96.

George alikuwa ametangulia mwaka 1977. Karani wa posta hakutupa karatasi hata moja. Barua za wenye kumbi, hesabu za tiketi, mabango, vipande vya magazeti, barua za Micheaux, vyote alivitunza kwa miongo, na leo viko katika chuo kikuu cha UCLA kama mkusanyo wenye jina lake. Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu filamu za mwanzo za Wamarekani weusi imepita kwenye makabati ya mzee huyo.

Filamu zenyewe hazikuwa na bahati hiyo. Mkanda wa enzi ile ulikuwa wa naitreti, unaoshika moto kwa urahisi na kuoza ukiachwa. Studio kubwa zenyewe zilipoteza sehemu kubwa ya filamu zao bubu. Kampuni ndogo iliyofungwa, yenye kopi chache zilizochoshwa na treni, haikuwa na maghala wala walinzi. The Realization of a Negro's Ambition imepotea. The Trooper of Troop K imepotea. Kwa Lincoln nzima vimebaki vipande vya dakika kama nne vya By Right of Birth, na humo Noble hayumo, maana alikuwa ameshaondolewa. Kwa hiyo tunaweza kumwona leo akiwa Mrusi, Mhindi, Mnubi, zimwi na chifu wa kisiwa kisichokuwepo, na hatuwezi kumwona akiwa James Burton, kijana msomi anayerudi kwa baba yake. Waliomzuia walimalizia kazi yao bila hata kujua.

Clarence Brooks, katibu wa Lincoln, alipata mwaka 1931 kile ambacho rais wake hakukipata. Katika Arrowsmith ya John Ford aliigiza Dk. Marchand, daktari mweusi wa visiwa vya Karibi, msomi mwenye suti na adabu, bila kichekesho na bila kutetemeka. Magazeti ya watu weusi yaliisherehekea nafasi hiyo. Ilikuwa imechukua miaka 15 kwa Hollywood kumkubali mtu ambaye kampuni ya kina Johnson ilikuwa imeshamwonyesha.

Kwa anayetaka kuanza, The Most Dangerous Game haina tena ulinzi wa hakimiliki na inapatikana bure kwenye intaneti. Ni fupi, saa moja na dakika chache. Itazameni kwanza, mkimkazia macho Ivan anavyosimama mlangoni. Kisha usiku huohuo wekeni King Kong. Chifu anatokea baada ya meli kufika kisiwani, na hapo waambieni watoto majina mawili: la sokwe wanalijua, la pili ni Noble Johnson.